Kunguru Hafugiki, na Mtu Je?

"Kunguru hafugiki." Methali hii haihitaji mwalimu. Utaisikia kwenye baraza za kahawa, utaisikia Darajani katika msongamano wa soko, utaisikia hata ndani ya daladala iendayo shamba. Wala mara nyingi anayesemwa si kunguru. Anasemwa mwanamke aliyeachika mara ya tatu. Anasemwa kijana aliyeacha unga akakaa miezi sita mzima, kisha akaonekana tena maskani kwake kwa zamani. Anasemwa mtumishi aliyevunja bilauri ya pili kwa wiki. "Mwacheni huyo, kunguru hafugiki." Basi, imekwisha. Kesi imesikilizwa, hukumu imetoka, na kahawa yenyewe haijapoa.

Lakini wazee hao hao waliotuachia kunguru na "Mwana wa nyoka ni nyoka", ndio waliotuachia pia "Samaki mkunje angali mbichi" na "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo". Sasa tushike lipi? Mtu ni silika aliyozaliwa nayo, au ni malezi? Mimi nimewasikiliza watu kwa muda mrefu wanavyozitumia methali hizi, na nimeona jambo moja. Mtoto wetu akikosea huwa samaki. Mtoto wa jirani akikosea huwa nyoka.

Kwa hiyo swali ninalotaka kuliuliza hapa si la mchezo. Mtu alaumiwe kwa lipi, na asilaumiwe kwa lipi? Mimi si mwanasayansi. Elimu yangu ya skuli iliishia kidato cha nne, na iliyobaki naitafuta mwenyewe kwenye vitabu vya kuazima. Ila natamani siku moja niandike riwaya, na mwandishi wa riwaya hawezi kulikwepa swali hili. Kama mhusika wangu ameiba kwa sababu kazaliwa mwizi, hapo pana hadithi gani? Ni sawa na kuandika kitabu kizima kueleza kwamba mvua ni maji.

Hebu basi tuanze na ndege, maana methali imeanza na ndege.

Mwaka 1937, katika kijiji cha Altenberg karibu na mji wa Vienna, wataalamu wawili walikaa wakimtazama bata bukini aliyelalia mayai. Mmoja alikuwa Mwaustria, Konrad Lorenz. Wa pili Mholanzi, Nikolaas Tinbergen. Walichukua yai wakaliweka nje kidogo ya kiota. Bata akanyoosha shingo, akaliweka mdomo juu ya yai, akalivuta taratibu kulirudisha kwa wenzake. Hapo hapana ajabu, mama gani ataliacha yai lake nje? Ajabu ilikuja pale bata alipokwisha kuanza kuvuta, kisha yai likaondolewa. Bata hakusita. Aliendelea kuvuta mdomo wake hadi kifuani, anavuta hewa tupu, mpaka kitendo kikamalizika chote. Ndipo wataalamu wakaona kwamba kile kitendo, kikishaanza, hakimsikilizi bata mwenyewe. Hiyo ndiyo silika.

Tinbergen akaendelea na utafiti wake kwa shakwe. Kinda wa shakwe akitaka chakula hudonoa doa jekundu lililoko kwenye mdomo wa mama yake. Tinbergen akatengeneza vichwa vya bandia vya namna nyingi, kisha akachukua kijiti chembamba chekundu, akakichora mistari mitatu myeupe. Makinda wakakidonoa kile kijiti kuliko hata kichwa chenye sura ya mama. Hawakutaka mama, walitaka wekundu. Mwaka 1973 Lorenz, Tinbergen na mwenzao Karl von Frisch, aliyechunguza nyuki, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi za namna hiyo.

Mtu akisoma hapa tu na kukifunga kitabu, atatoka barazani akijidai: "Si niliwaambia? Mwana wa nyoka ni nyoka, na sayansi imesema." Kwa hakika yupo aliyesema hivyo, tena hakuwa mtu wa barazani. Alikuwa Lorenz mwenyewe. Mwaka 1938 alijiunga na chama cha Nazi, na mwaka 1940 akaandika kwamba binadamu, kama mnyama afugwaye, huharibika asili yake, na kwamba watu wa asili iliyoharibika hawana budi kuondolewa kwa ajili ya faida ya taifa. Baadaye, vita vilipokwisha, alikuja kujutia maandishi yale. Lakini tunajua ule utawala aliouandikia uliwafanya nini mamilioni ya watu kwa hoja ya asili yao.

Na Tinbergen? Tinbergen alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, nchi ambayo Wajerumani waliivamia mwaka 1940. Walimu wa Kiyahudi walipofukuzwa, yeye na wenzake walipinga. Kwa ajili hiyo akatiwa kambini kama mateka mwaka 1942, akakaa humo muda wa miaka miwili hivi.

Fikiri, ndugu msomaji. Bata mmoja, yai moja, wataalamu wawili marafiki. Wote wameona jambo moja kwa macho yao. Mmoja akatoka pale akaenda kuwahesabu watu kwa asili zao, na mwingine akafungwa kwa kukataa. Ni silika gani iliyowagawa? Mimi siioni. Naona watu wawili waliochagua.

Sisi wa visiwa hivi tusilione jambo hili ni la Wazungu peke yao. Pale Mkunazini lilipojengwa kanisa kuu, lilikuwapo soko la watu hadi mwaka 1873, na aliyenunuliwa pale aliambiwa kwamba utumwa ni asili yake, na ya mwanawe, na ya mjukuu wake. Swali la "asili yako wapi?" lilitugharimu roho za watu Januari 1964, na liliwafanya wengine wapande majahazi na meli wakaiache nchi waliyozaliwa. Neno asili ni zuri likiwa kwenye khanga au kwenye taarabu. Likiingia kwenye hukumu, huwa kisu.

Tena hata ndege wenyewe hawaungi mkono methali yetu moja kwa moja. Chukua mfano wa mlembe, yule ndege anayewaongoza watu kwenye mzinga wa nyuki wa mwitu. Hakuna ndege mwenye kisa kama chake. Mama yake hutaga katika kiota cha ndege wengine na kwenda zake. Kinda wa mlembe huzaliwa kipofu, hana hata nyoya moja, lakini mdomoni ana kulabu mbili kali. Kwa kulabu hizo huwachoma makinda wenye kiota mmoja mmoja hadi wafe, humo humo gizani, na yeye hajapata hata kuiona dunia. Wataalamu walitia kamera ndani ya viota huko Zambia, wakayatangaza haya mwaka 2011. Baadaye kulabu hudondoka zenyewe, kama mtu anayetupa silaha kazi ikishaisha. Sasa nani atamhukumu? Hakufundishwa, hakuona, hakuchagua. Kama kuna mwana wa nyoka duniani, ni huyu.

Lakini mfuate huyo huyo akishakua. Kaskazini ya Msumbiji, katika mbuga ya Niassa, Wayao wakitaka asali humwita mlembe kwa kutetemesha ulimi, mrrr, kisha mguno mfupi. Mwanasayansi Claire Spottiswoode na wenzake walilipima jambo hilo, wakatangaza matokeo mwaka 2016. Mtu akitembea porini akipiga mwito ule wa Wayao, nafasi ya kuongozwa na ndege ilipanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Huku kwetu Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, Wahadzabe hawapigi mrrr, wao hupiga mluzi. Basi mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood wakatangaza jaribio la pili: walizipiga sauti zote mbili kwa kanda katika nchi zote mbili. Mlembe wa Wahadzabe aliufuata mluzi zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Mlembe wa Wayao aliupenda mwito wa Kiyao karibu mara mbili kuliko mluzi. Ndege ni wale wale, jina moja, damu moja. Kila mmoja amejifunza lugha ya wenyeji wake.

Kwa hiyo katika ndege mmoja tumempata nyoka na tumempata samaki. Aliyeua alipokuwa kipofu ndiye aliyejifunza Kiyao alipofumbua macho.

Na kunguru? Huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu aliyejaa mjini kwetu si mwenyeji. Aliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, wakati wa Waingereza, ili atusaidie kula taka. Akala taka, kisha akala na vifaranga, na makinda wa ndege wadogo. Katika miaka ya 1990 ikafanywa kampeni kubwa ya kumpunguza, kwa mitego na kwa sumu, na kila mtoto wa mtaani anajua kumrushia jiwe. Sasa tunashangaa hafugiki! Huko Seattle, Marekani, mwaka 2006, mtaalamu John Marzluff na wenzake walivaa barakoa yenye sura mbaya wakawakamata kunguru saba, wakawatia pete miguuni, kisha wakawaachia. Kunguru hao ni wa jamii nyingine, lakini ni ndugu wa hawa wetu. Basi miaka ikapita, na kila aliyepita pale na barakoa ile alizomewa na kunguru, na waliozomea walizidi kuongezeka, wakiwamo ambao hawakuwapo siku ile. Mwenye uso mtupu hakuguswa. Nikisoma haya huwaza kwamba labda kunguru wa Mji Mkongwe hatukimbii kwa silika. Hutukimbia kwa sababu anatukumbuka.

Na hapa ndipo linapoingia jambo la pili, la kukumbuka. Maana kama kuna kosa ambalo binadamu hulaumiwa kila siku, tangu alfajiri mpaka kulala, ni kusahau.

Nilipata kufanya kazi katika duka moja la jumla hapa mjini, sitalitaja. Tulikuwa na kijana wa miaka kumi na saba kutoka vijiji vya kusini, mpole, mwaminifu, hagusi senti ya mtu. Kila asubuhi mwenye duka alimwita, naye akajibu, "Labeka ami." Hapo maneno yanamwagika: "Nenda bandarini mtafute nahodha umpe bahasha hii, mwambie mzigo ni magunia kumi na manane si kumi na sita, ukirudi pita kwa fundi cherehani umuulize kanzu yangu, kisha pale gesti wadai pesa za maji, nunua betri za tochi zile ndogo, pita kwa shangazi yako mwambie leo siji kula, na yule dereva ukimwona mwambie gari iko tayari. Haya, mbio!" Kijana anatoka mbio. Anarudi na mambo manne kayafanya, matatu hakuyafanya. Siku nyingine matano. Ami akishika kiuno: "Hawa watu wa shamba vichwa vyao vimejaa mchanga. Kunguru hafugiki!" Baada ya miezi miwili kijana aliambiwa asirudi tena, na mshahara wa mwisho ukakatwa nusu kwa ajili ya hasara. Alikuwa akiwatumia mama yake na wadogo zake watatu. Nusu ya mshahara ule ilikuwa ni unga na madaftari ya skuli.

Sasa tusikilize maabara inasemaje. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika kwamba mtu akisomewa vitu visivyo na uhusiano na kutakiwa avirudie pale pale, hushika saba, pengine vitano, pengine tisa. Hao walikuwa watu wazima wenye akili zao timamu. Mwaka 2001 Nelson Cowan alizipitia tafiti nyingi na kusema kwamba hata saba ni wingi wa hila, maana mtu huvifunga vitu mafungu mafungu. Ukimzuia asifanye hivyo, hubaki vinne hivi. Vinne, ndugu zangu! Kijana wetu alikuwa hajapungukiwa kitu. Alikuwa mtu kamili.

Tena kuna la njiani. Mwaka 1959 Lloyd na Margaret Peterson wa Chuo Kikuu cha Indiana waliwapa wanafunzi herufi tatu tu, konsonanti, wazikumbuke. Rahisi kabisa. Ila mara moja waliwatajia namba na kuwaambia wahesabu kurudi nyuma kwa kupunguza tatu tatu. Baada ya sekunde 18 tu, karibu mara tisa katika kumi zile herufi zilikuwa zimekwenda. Mwaka 1962 wengine wakaonyesha kwamba katika jaribio la kwanza kabisa mtu hasahau hivyo. Husahau zaidi mambo yanapofuatana, yaliyotangulia yakayaingilia yanayofuata.

Nikasema kumbe! Huyu kijana hakupewa namba ya kuhesabu kurudi nyuma, alipewa vichochoro vya Mji Mkongwe. Kila kona ana mtu wa kumwamkia. "Shikamoo bibi." "Marahaba, hujambo? Mama yenu hajambo? Na yule mgonjwa wenu? Mvua huko kwenu zimenyesha?" Je, apite bila kuitika? Akipita ataambiwa hana adabu. Akisimama, betri za tochi zimekwenda. Sisi tumemlea aamkie, kisha tunamfukuza kwa sababu ameamkia.

Hata lugha ina fungu lake. Mwaka 1986 Naveh-Benjamin na Ayres waliwapima watu wa lugha nne, na wenye lugha ambayo majina ya tarakimu ni mafupi, kama Kiingereza, walishika tarakimu nyingi zaidi kuliko wenye majina marefu, kama Kiarabu. Maana akilini mtu hujirudia kimoyomoyo, na jina refu hula nafasi. Kiswahili chetu, tangu moja hadi tisa, kila tarakimu ni silabi mbili. Anayetamba kwamba Mzungu anakumbuka namba kuliko yeye, na amwulize kwanza anazihesabu kwa lugha gani.

Najua wapo watakaosema: "Huyu anatetea uvivu. Mbona watoto chuoni wanahifadhi msahafu mzima, sura 114, aya zaidi ya 6,000? Bakora hiyo, bwana, bakora ndiyo inayofungua kichwa." Nami najibu hivi: mtazameni mwalimu mzuri wa chuo, si mwenye bakora ndefu. Humpa mtoto aya mbili tatu. Mtoto huziimba kwa mahadhi, anayumba huku na huku, anarudia mara hamsini. Kesho husoma za jana kwanza ndipo apewe mpya. Mlango ni mdogo, na mwalimu yule anaujua udogo wake, kwa hiyo anaingiza mzigo kidogo kidogo hadi ghala lijae. Walimu wetu waliyajua hayo kabla Miller hajazaliwa. Bakora haikuupanua mlango. Ingekuwa bakora inaupanua, basi punda wangekuwa mahafidhi.

Na maabara imelithibitisha hilo. Huko Marekani, katika utafiti uliotangazwa mwaka 1980, mwanafunzi mmoja wa kawaida alifanya mazoezi kwa zaidi ya saa 200, katika muda wa mwaka na nusu hivi. Alianza na tarakimu saba, akafika 79. Alikuwa mkimbiaji, kwa hiyo kila tarakimu tatu nne alizigeuza kuwa muda wa mbio anazozijua. Kisha wakampa herufi badala ya tarakimu. Akarudi kwenye sita. Mlango ulikuwa ule ule. Alichokipata ni namna ya kufunga mizigo. Nasi tunafanya hivyo kila siku bila ya kujua: namba ya simu ina tarakimu kumi, lakini nani anayeikumbuka moja moja? Zile tatu nne za mwanzo unazitamka kwa pumzi moja, ni kitu kimoja.

Basi sasa naweza kulijibu swali langu. Nimetafuta kipimo cha kutenganisha yaliyo ya maumbile na yaliyo ya mtu mwenyewe, na nimekiona kwa yule bata wa Altenberg. Bata aliendelea kuvuta hata yai lilipoondolewa. Hakuweza kuacha. Sasa mchukue mwanamume anayempiga mkewe chumbani. Ukimwuliza atakwambia: "Mimi nimezaliwa na hasira, baba yangu alikuwa hivi hivi, ndiyo silika yetu." Haya, na ibishwe hodi. Na iwe sauti ya mkwewe, au sheha. Mkono unashuka papo hapo! Anafunga vifungo vya shati, anatoka sebuleni na tabasamu, "Karibuni, karibuni, tulikuwa tunaongea tu." Huyo si bata. Bata hasikii hodi. Huyu alikuwa na uwezo wa kuacha tangu kofi la kwanza.

Nakiita hiki kipimo cha hodi. Jambo linaloachika mkubwa akibisha hodi, ni lako, na utaulizwa. Jambo ambalo hata mkubwa akibisha hodi, hata bakora ikiinuliwa, halibadiliki, hilo ni la maumbile, na anayekupiga kwa ajili yake anakudhulumu. Kijana wetu alitishwa, alitukanwa, akakatwa mshahara, na bado akarudi na manne au matano. Kama angeweza kukumbuka saba, je, asingekumbuka kuokoa unga wa mama yake?

Najua pia kipimo hiki hakimalizi kila kesi. Yule kijana wa unga niliyemtaja mwanzo, yeye yuko katikati. Kuna siku anasikia hodi na kuna siku hasikii. Huyo si wa kuhukumiwa kwa methali ya maneno mawili. Ni wa kukaliwa chini, kutibiwa, na kungojewa.

Tena sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba maumbile yakishakuwa si kosa, basi hakuna la kufanya. Kinyume chake. Kutojua kwamba kichwa ni kidogo si dhambi. Kujua, kisha ukafanya kana kwamba ni kikubwa, hapo ndipo lawama inapoanza. Muuguzi anayejua kwamba anaweza kusahau, naye haandiki saa aliyotoa dawa, hawezi kuniambia "nimesahau" nikamsamehe kwa wepesi. Na lawama hii haimwendei anayesahau peke yake. Humwendea kwanza mwenye amri, kwa sababu yeye ndiye anayepanga mizigo. Mwenye duka wetu, kwa mfano, hakukiamini kichwa chake hata siku moja. Madeni ya wateja aliyaandika kwenye daftari, kila shilingi, na tarehe juu yake. Alijua vizuri kabisa kwamba binadamu husahau. Ila elimu hiyo aliitumia kwa pesa zake, hakuitumia kwa mtoto wa watu. Karatasi moja na penseli ya shilingi chache zingetosha.

Hiyo ndiyo dhuluma ninayoiona kila mahali nikitazama. Wakubwa tuna madaftari, wadogo wana vichwa vitupu vya kukumbukia. Sisi tukikosea ni bahati mbaya, wao wakikosea ni asili yao. Tunamwona mwenzetu kama Lorenz alivyowaona watu mwaka ule wa 1940, halafu tunasema tunafuata hekima ya wazee.

Wazee hawakutuachia methali moja, walituachia nyingi, nadhani ili tusiwe wavivu wa kufikiri. Kwa hiyo ukitaka kusema juu ya mtu kwamba hafugiki, chukua dakika moja kabla kahawa haijapoa. Jiulize: hilo alilolifanya angeliacha ikibishwa hodi? Kama ndiyo, mwambie usoni, tena kwa jina lake, bila ya kumtaja baba yake wala kijiji chake. Kama siyo, basi uliza ni nani aliyempa mzigo mkubwa kuliko mlango. Mara nyingi si mbali kumtafuta.